Siku moja ya kupima kalsiamu ndani ya chembe sahani, Upanga

Saa 12:30 asubuhi. Tunataka kujua kama kalsiamu iliyo huru ndani ya chembe sahani, seli ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, hupanda pamoja na presha. AC kwanza, nyuzi 22. Chembe sahani zikiwekwa kwenye barafu hubadilika umbo na kuamka kabla hujazigusa. Zikiachwa kwenye joto la Dar la mwezi wa pili, nazo zinaharibika. Beseni la maji linapashwa hadi nyuzi 37, na taa ya kipima mwanga inawashwa mapema itulie.

Saa 1:30. Washiriki wanafika, wengine wametoka Mbagala wamesimama njia nzima. Hapimwi mtu akiwa bado anahema. Anakaa dakika 5 bila maongezi, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Presha inapimwa mara tatu, tunachukua wastani wa mbili za mwisho. Aliyepitia kahawa chungu na kashata anasubiri nusu saa.

Saa 2:15. Damu. Sindano ya geji 21, mkono ubanwe kwa muda mfupi tu, na mililita 2 za kwanza zinawekwa kando kwa sababu zimegusa jeraha la sindano. Chupa ni ya sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande, sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Chupa ya EDTA, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, haifai, inavuruga umbo la chembe sahani. Aliyemeza aspirini ndani ya siku 10 hatumchukui, na aliyeandikiwa na daktari wa moyo haambiwi aiache kwa ajili ya utafiti wetu.

Saa 3:00. Sentrifuji, mashine inayozungusha damu hadi chembe zitengane: 200 g (mara 200 ya mvutano wa dunia), dakika 15, bila breki. Andika g, usiandike mizunguko kwa dakika: mashine mbili zenye rota tofauti hazitoi nguvu sawa. Tunavuta theluthi mbili za juu za majimaji ya njano yaliyobeba chembe sahani; ukiwa na tamaa ya kumaliza yote, unabeba chembe nyekundu. Kisha fura-2 AM, rangi ambayo mwanga wake hubadilika ikishika kalsiamu, mikromola 3, nyuzi 37, dakika 40, gizani. Mkia wake wa esta huipitisha kwenye utando. Ndani, vimeng'enya huukata na rangi inabaki humo.

Saa 4:00. Wakati wa chai, swali halikosi: "Daktari, kama kalsiamu inaleta presha, niache maziwa?" Hapana, mama. Kalsiamu ya chakula ni jambo jingine. WHO hata inashauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wanaopata kalsiamu kidogo kwenye chakula, ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Tunayoitafuta ni ile iliyo huru ndani ya seli. Katika msuli wa mshipa hushikana na protini iitwayo kalmodulini, ikaamsha kimeng'enya kinachokaza msuli, mshipa ukabana. Mshipa wa mtu hatuwezi kuukata, kwa hiyo chembe sahani hutumika badala yake. Mwaka 1984 Paul Erne na wenzake wa Basel waliripoti kwamba kiwango hicho hupanda pamoja na presha. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, na sababu mojawapo ni vipimo vyenyewe.

Saa 5:00. Kuosha rangi ya nje, kwa kimeng'enya cha apirasi ili chembe zisigandane, halafu kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya pH 7.4 yenye kalsiamu milimola 1. Tunamulika kwa nanomita 340 na 380, tunasoma 510. Chembe iliyotulia hutoa takriban nanomola 100, mara elfu kumi chini ya kilichoko nje. Ndiyo maana rangi ikivuja kidogo tu, namba inapaa. Ukiona 200, usiseme presha bado: weka manganizi, inayozima mwanga wa rangi iliyovuja. Mwanga ukishuka ghafla, rangi ipo nje. Mwisho dijitonini, inayotoboa utando wa chembe, kwa kipeo cha juu cha mwanga, na EGTA, inayonasa kalsiamu, kwa cha chini, huku pH ikiwa zaidi ya 8, la sivyo EGTA haishiki vizuri.

Saa 8 mchana. Hesabu. Anayetumia amlodipini, dawa ya presha, anaandikwa peke yake. Dawa hiyo hufunga milango ya kalsiamu ya msuli wa mshipa; chembe sahani hutegemea zaidi mlango mwingine, unaofunguka akiba ya ndani ikipungua. Kwa hiyo presha inaweza kushuka vizuri na namba yetu isisogee, na hakuna mgonjwa anayebadilishiwa dozi kwa namba hii.

Saa 10. Kyuveti, vichupa vya kupimia mwanga, zinalowekwa kwenye asidi, zinasuuzwa kwa maji yaliyoondolewa ayoni. EGTA iliyobaki kwenye kuta zake itaiharibu sampuli ya kwanza ya kesho.