Uteute kwenye kifuko cha nyongo cha mbwa: jinsi ninavyosaka homoni nyuma yake

Mbwa akija na kifuko cha nyongo kilichojaa uteute, yaani ute mzito ulioganda ndani yake (mucocele), sikimbilii dawa ya ini. Namuuliza mwenye mbwa: siku hizi anakunywa maji na kukojoa kuliko zamani? Na je, ananenepa ilhali chakula ni kilekile? Swali la kwanza linanipeleka kwenye homoni ya kotisoli iliyozidi, yaani ugonjwa wa Cushing. La pili kwenye tezi ya thairoidi iliyozembea. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2009 ulikuta mbwa wenye Cushing wana uwezekano wa kupata uteute huo mara 29 ya wasio nao. Mbwa wa aina ya Schnauzer wadogo, Cocker Spaniel na Shetland Sheepdog nawatilia shaka mapema zaidi.

Kwanza lakini nahakikisha ni uteute kweli. Mbwa afunge kula kwa muda wa saa 12, apigwe ultrasaundi, kisha ageuzwe ubavu wa pili. Mashapo ya kawaida huteremka upande wa chini. Uteute haubanduki, na ukikomaa mistari yake hutawanyika kama chungwa lililokatwa. ALP, kimeng'enya cha ini, ikipanda peke yake kwenye damu hainitishi, kwa sababu kotisoli huipandisha kwa mbwa hata nyongo ikiwa salama. Bilirubini, rangi ya njano ya nyongo, ndiyo ninayoiogopa.

Kosa kubwa ninaloliona ni kupima homoni mbwa akiwa hoi. Ugonjwa wowote mzito hushusha T4 (homoni ya thairoidi) na kupandisha kotisoli, hivyo majibu yatasema ana magonjwa mawili ambayo hana. Akiwa anatapika, ana manjano au tumbo linauma, hapo ni suala la upasuaji, homoni zitangoja.

Akiwa mzima kiasi, naanza na mkojo wa asubuhi uliokingwa nyumbani, angalau siku mbili baada ya kutoka kliniki ili hofu ya safari iwe imeisha. Upawa mkuukuu uliofungwa kwenye fimbo unatosha kuukinga. Uwiano wa kotisoli na kreatinini (taka ya mwili inayotoka na mkojo) ukiwa wa kawaida, Cushing karibu naifuta. Ukiwa juu haujathibitisha kitu. Naendelea na kipimo cha deksamethasoni, dawa ambayo kwa mbwa asiye na Cushing hushusha kotisoli: miligramu 0.01 kwa kilo kwenye mshipa, damu ikichukuliwa kabla, baada ya saa 4 na baada ya saa 8. Mbwa wa kilo 10 anahitaji miligramu 0.1. Kwenye chupa ya miligramu 4 kwa mililita hiyo ni mililita 0.025, na hakuna bomba litakalokupimia hivyo bila kukudanganya. Nachanganya mililita 1 ya dawa na 9 za maji ya chumvi ya sindano, nachoma mililita 0.25.

T4 ikiwa chini siitibu peke yake. Nataka T4 huru (isiyoshikwa na protini za damu) iwe chini, na TSH, homoni inayoisukuma thairoidi ifanye kazi, iwe juu. Hapo natoa levothairoksini, yaani T4 ya kidonge, mikrogramu 20 kwa kilo kila saa 12. Mfamasia asiyezoea mbwa atashtuka, maana mbwa wa kilo 10 anapata mikrogramu 200 mara mbili kwa siku, nyingi kuliko binadamu wengi. Mbwa huimaliza dawa hii upesi mwilini. Napima tena baada ya wiki 4 hadi 8, saa 4 hadi 6 baada ya kidonge.

Cushing ikithibitishwa natoa trilostani, dawa ya kupunguza kotisoli, takriban miligramu 1 kwa kilo mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Mtego uko hapa: mbwa aliyeanza trilostani akitapika, akagoma kula na kulegea, huenda kotisoli imeshuka mno, na huenda kifuko kimeziba au kimepasuka. Dalili ni zilezile. Nasimamisha trilostani siku hiyohiyo, napima sodiamu, potasiamu, kotisoli na bilirubini, na ultrasaundi inarudiwa. Sodiamu chini na potasiamu juu hunielekeza kwenye adrenali, tezi zinazotengeneza kotisoli. Bilirubini juu na majimaji kuzunguka kifuko humpeleka mezani kwa daktari wa upasuaji. Mwenye mbwa aliyeambiwa "mpe dawa tu, atazoea" amepotoshwa.

Pembeni ya homoni natoa asidi ya ursodioksikoliki, dawa ya kusaidia nyongo itiririke, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, pamoja na chakula, na kamwe siitoi njia ya nyongo ikiwa imeziba. Chakula kiwe cha mafuta kidogo: kifua cha kuku bila ngozi na wali ni sawa kwa muda mfupi, lakini si mlo kamili wa miezi. Mabaki ya nyama choma yakomeshwe, na watoto na wageni waambiwe pia, kwa sababu wao ndio hulisha chini ya meza.

Ultrasaundi narudia kila wiki 4 hadi 6 mwanzoni. Uteute ukizidi kukua ingawa homoni zimetulia, napendekeza kifuko kitolewe mbwa akiwa bado anakula vizuri. Mwenye Cushing nadhibiti kotisoli yake kwanza kama muda upo, maana vidonda vyake hupona taratibu na damu yake huganda kirahisi. Kifuko kikishapasuka, muda huo haupo tena.