Mstari wa 14

Mama yule alikaa dawati la tatu kutoka mbele, upande wa dirishani, na Jumapili ile nilijua kabla sijafungua kinywa kwamba kumtazama kutanishinda.

Ilikuwa 2018, pembezoni mwa Dodoma, upande wa Ihumwa. Tangu Rais Magufuli atangaze Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, upande ule ulikuwa umejaa mafundi, madalali wa viwanja na akina mama wa kuwapikia. Kanisa letu lilikuwa na miezi kumi. Tulikodi darasa la shule, tukipanga madawati Jumapili asubuhi na kuyarudisha jioni. Ubaoni tulikuta hesabu za Ijumaa, nasi hatukuthubutu kuzifuta. Watu wazima hawakufika arobaini.

Siku ya kwanza kabisa ya kanisa hilo nilihubiri Wafilipi 4:13: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Nilisoma mstari huo mmoja, nikafunga Biblia, nikapaza sauti saa nzima. Niliwaambia mwaka hautaisha wakiwa wapangaji. Nikawataka wanyooshe mikono kuelekea viwanja vilivyokuwa vikipimwa ng'ambo ya barabara, wakiri kwamba vyao vimo humo. Mama yule, muuza uji na maandazi, alikiri akibubujikwa na machozi. Wiki tatu baadaye akakopa laki nane kwenye kikoba chake, akanunua kiwanja. Kumbe kilikuwa kimekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Simu ya dalali haikupatikana tena, na deni likabaki mikononi mwake.

Sikumwambia akope. Nilijitetea hivyo usiku mwingi, na utetezi huo haukunitosha hata usiku mmoja.

Baadaye niliitwa kwenye semina ya wahubiri. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyechunga makanisa ya vijijini miaka mingi. Alitugawia penseli, akatuagiza tunakili waraka mzima kwa mkono, kisha tupigie mstari kila "maana", kila "kwa hiyo", kila "si kwamba", kila "lakini". Nani anaandika? Kwa nani, naye yuko wapi? Uzito wa fungu umelalia neno gani? Kabla hujajua waliosoma kwanza waliambiwa nini, alisema, huna la kuwaambia watu wako. Nilikuwa nimehubiri miaka sita, na hakuna aliyewahi kunionyesha kazi hiyo.

Niliporudi nikatangaza kwamba tutapita Wafilipi, waraka wa Mtume Paulo, mstari kwa mstari, sura 4, mistari 104, tangu salamu ya kwanza hadi ya mwisho. Niliuchagua waraka huo kwa kuwa kanisa la Filipi nalo lilianza na watu wachache, Lidia muuza rangi ya zambarau na nyumba yake, kisha mlinzi wa gereza na jamaa zake. Baadhi ya watu wetu walichoka wakahama. Waliobaki wakaanza kuja na madaftari. Tulipofika kwa Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi kwa Paulo, aliyeugua karibu kufa, mama mmoja akauliza mbona Paulo, aliyeponya wengi, alimwona rafiki yake akifikia hali hiyo. Tulikaa na swali lile Jumapili mbili. Katika miezi yangu yote ya kukemea na kuamuru, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali.

Hivyo ndivyo tulivyofika 4:10, bila mimi kuchagua. Wiki nzima nilikaa na penseli. Paulo yuko kifungoni. Wafilipi wamemtumia msaada, naye anawashukuru, lakini anaweka "si kwamba" mbele ya maneno yake: hasemi kwa sababu ya uhitaji, amejifunza kuwa radhi. Amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Ndipo yanakuja "mambo yote". Mambo yenyewe ni hayo ya mstari wa 12, na njaa imo. Viwanja havimo.

Jumapili nikasoma fungu lote, nikalieleza kama nilivyoliona. Kisha nikasema kwamba siku ya kwanza niliwadanganya kwa mstari wa kweli, na kwamba kuna mtu humu ndani analipia uongo wangu kila wiki. Nikaomba msamaha mbele ya kanisa. Hakuna aliyesema amina. Bati lilikuwa likilia kwa joto. Nikafunga Biblia.

Mama yule akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwinjilisti, samahani. Umeishia kumi na tatu. Kumi na nne inasemaje?"

Nikafungua tena. Mstari unaanza na "Lakini". Penseli yangu ilikuwa imekoma mstari mmoja kabla. Nikasoma kwamba Wafilipi walifanya vema waliposhiriki na Paulo katika dhiki yake. Akaitikia, "Asante," akaandika kwenye daftari lake, akatulia. Hadi leo siamini kwamba alikuwa akiomba chochote. Alitaka fungu lifike mwisho wake.

Mzee mmoja, fundi wa plasta, akainuka taratibu, akaweka elfu kumi juu ya dawati la mama yule, akarudi kukaa. Akafuata kijana wa bodaboda. Akafuata mama aliyeuliza habari za Epafrodito, na mfuko wa mtama. Nami nikaweka posho yangu ya mwezi. Sikuongeza neno, maana lolote ambalo ningelisema lingekuwa la kujisafisha.

Deni la kikoba lilikwisha baada ya miezi mitano, tukiwa Marko sura ya 6. Kiwanja hakikurudi. Mama yule bado amepanga chumba kile kile, na kila tunapoanza kitabu kipya huniuliza kina mistari mingapi.