Fomu za lanchi ya bure shuleni (Marekani): jinsi tulivyopunguza makosa

Wadau, nafanya kazi ofisi ya chakula cha shule huku Marekani, na kilichokuwa kinatutoa jasho ni fomu za kipato, zile za kuamua mtoto ale bure au alipe. Baba analipwa kila wiki mbili, mama kila wiki, hapo lazima ubadilishe yote iwe ya mwaka, na watu walikuwa wanachanganya "kila wiki mbili" na "mara mbili kwa mwezi" kana kwamba ni kitu kimoja. Wapi! Dola 900 kila wiki mbili ni mara 26 kwa mwaka, yaani 23,400, ila mara mbili kwa mwezi ni mara 24, yaani 21,600, mtoto anaweza kutoka kwenye bure akaanza kulipa senti 40 (bei iliyopunguzwa), au kinyume chake, na wakaguzi wa jimbo wakija wanaliona fasta.

Dawa ilitoka jimboni, walikuwa na ruzuku ya USDA (wizara ya kilimo ya Marekani) ya kupunguza makosa ya kiutawala (wanapewa majimbo, sio shule moja moja, so wapigieni jimbo), ikalipia mafunzo na programu. Sasa usipotiki unalipwa kila baada ya muda gani fomu haiendi mbele, hesabu inajipiga yenyewe, halafu mtu wa pili anapitia kabla barua ya majibu kwa familia haijatoka. Familia zenye SNAP (msaada wa serikali wa chakula) majina yao yanakuja moja kwa moja toka jimboni, fomu ya nini tena?

Kilichobaki ni wazazi wanaosahau kusaini, hao bado tunawapigia simu.