Simu za intaneti ofisini: tazama kasi ya kupandisha

Katika ofisi yetu ya Kariakoo, simu za intaneti zilikuwa zikikatikakatika kila kompyuta ya uhasibu ilipoanza kupandisha nakala za mafaili yake mtandaoni, hata mteja akabaki kusema "haloo, haloo", ingawa kasi tunayolipia inatosha na kuzidi. Simu moja inayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 huhitaji takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, hivyo mazungumzo kumi kwa pamoja hayafikii hata megabiti moja. Kodeki ya G.729 hushuka hadi kilobiti 31 hivi, ila sauti yake, kwa masikio yangu, ni kavu mno.

Kinachosumbua ni foleni: pakiti za sauti, yaani vipande vidogo vya data, hukwama nyuma ya mafaili kama daladala nyuma ya malori ya Barabara ya Mandela, na ucheleweshaji ukizidi milisekunde 150 wazungumzaji huanza kukatizana. Ruta yetu sasa inazipa kipaumbele pakiti zenye alama ya DSCP 46, inayotambulisha sauti, na muhimu zaidi, tumeweka ukomo wa kupandisha chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni ijengeke kwetu, tunakoweza kuipanga, badala ya kwenye mitambo ya mtoa huduma. Nakala za uhasibu zimehamishiwa usiku, jambo ambalo mhasibu alilikubali shingo upande, kwa kuwa sasa haruhusiwi kuzima kompyuta yake anapoondoka.