Friza ya ami inavyopiga simu umeme ukikatika

Ami yangu anauza samaki hapa Lamu mjini, na friza yake iko dukani, mbali na anapolala. Umeme ukipotea usiku, habari alikuwa akiipata asubuhi, barafu imeshakuwa maji. Ujumbe mfupi haungemfaa, maana aliyelala hasomi. Cha kumwamsha ni simu inayoita. Basi nikachukua modemu ndogo ya SIM800L, yaani kifaa kinachopiga simu kwa kutumia laini, laini ya kawaida na kibao cha Arduino, kompyuta ndogo inayoendesha programu, nikamuundia kifaa cha kumpigia.

Amri za modemu hizi zina asili ya Marekani, kwenye Smartmodem ya Hayes ya mwaka 1981. Ile ilipitisha data kwenye waya wa simu, hii yangu inapiga simu ya dijitali ya GSM, mtandao wa simu za mkononi, ila amri bado zinaanza na AT, D ni kupiga na H ni kukata.

Kwanza niliziandika kwa mkono kwenye kompyuta. AT, ikajibu OK. AT+CPIN? ikajibu READY, yaani laini haidai namba ya siri. AT+CREG? ndiyo ya kusubiri: 0,2 inatafuta mtandao, 0,1 imeshaupata. Umeme wa modemu yenyewe unataka uangalifu mkubwa. Inahitaji volti 3.4 hadi 4.4, na inapowasiliana na mnara huvuta mpaka ampea 2 kwa vipindi vifupi sana. USB ya kompyuta haifui dafu hapo. Niliipa betri ya lithiamu na kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi chaji kwa muda mfupi) karibu kabisa na pini zake, ikatulia. Na betri ilikuwa lazima kwa vyovyote, kwa kuwa kazi yake inaanza stima ikishaondoka.

Kupiga ni ATD, namba ya ami kuanzia +254, kisha nukta mkato. Hiyo nukta mkato usiiache! Ndiyo inayoiambia modemu kwamba hii ni simu ya sauti. Bila hiyo itajaribu kupiga simu ya data.

Utamu wenyewe uko kwenye kukata. Baada ya kupiga, programu kwenye Arduino inauliza AT+CLCC, yaani simu iko katika hali gani, kila sekunde, na jibu linakuja hivi: +CLCC: 1,0,3,0,0 na namba iliyopigwa. Tazama tarakimu ya tatu. 2 ni kwamba simu bado iko njiani, 3 inaita upande wa pili, 0 imepokelewa. Nikianza kuhesabu tangu ATD, naweza kukata simu ya ami haijalia hata mara moja. Kwa hiyo nahesabu sekunde 20 tangu nione 3, kisha ATH. Ni kufleshi tu, salio haliguswi.

Ami akiamka anaikata mwenyewe. Simu ikitoweka kwenye CLCC kabla sijatuma ATH, programu inajua amepata habari, inanyamaza. Asipoikata, inampigia tena baada ya dakika tano.

Tuliijaribu kwa kuchomoa plagi. Simu ya ami ikaita, jina FRIZA likatokea kwenye kioo. "Mwanangu, hii sasa nitalala," akasema, akaikata.

Sasa anataka aweze kuipigia yeye, aulize kama umeme umerudi. Nimeshawasha AT+CLIP=1: inapoingia simu, modemu inaandika RING pamoja na namba ya mpigaji. Ikiwa ni yake, ATH, kisha inamfleshi kama stima ipo.