Vichura 100 vilivyoniharibia timu, na nilivyoirekebisha

Nafundisha mpira wa mikono watoto wa miaka 13 hadi 15 hapa Bagamoyo. Mwaka mzima nilifuata ushauri wa kocha mmoja mkongwe: "Wakimbize, wapate pumzi." Kila alfajiri kilomita 5 barabarani, na aliyechelewa aliruka vichura 100. Pumzi walipata kweli. Lakini kipindi cha pili winga wangu akipewa mpira wa kushtukiza, beki aliyeanza nyuma yake anampita. Watatu wakaanza kuumwa chini ya goti, pale penye kinundu cha mfupa. Iliniuma sana, kwa sababu vile vichura niliviamuru mimi.

Uwanja wetu ni mita 40 tu kwa urefu. Mchezaji anafyatuka, anasimama, anaruka, anafyatuka tena. Akiba ya nguvu ya kufyatukia hukauka msulini ndani ya sekunde chache, na kurudi karibu yote huchukua kama dakika 3. Kumchosha mtoto kwanza ndipo umrushe ni kumzoesha kuruka kwa kimo kidogo.

Nilichofanya: ukuta wa stoo na chaki. Mtoto ananyoosha mkono, naweka alama. Kisha anapaka chaki vidoleni, anaruka, anapiga ukuta, na tunapima katikati ya alama mbili kwa futi ya fundi cherehani. Vyote havikuzidi elfu tatu, nne hivi. Kila Jumatatu tunapima, na aliyeshuka sana bado amechoka, siku hiyo haruki, hata alie. Wakaanza kulala mapema bila kuambiwa!

Kuruka tukahamishia ufukweni, mchanga mkavu, maana unapokea kishindo: miruko mitano, pumzika, mitano tena, mara mbili kwa wiki. Mbio ndizo zilinitesa. Mchanga mkavu unameza mguu, nikataka ule mgumu wa maji kupwa. Siku ya kwanza nikawapeleka saa 10 jioni, tukakuta bahari imejaa hadi kwenye minazi. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu nikamwamkia, akaniuliza, "Mwalimu, hujui leo bamvua? Mwezi umeandama juzi tu. Njooni saa 4 asubuhi." Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Jumamosi ile tukaja saa 4, na bahari imeacha uwanja mpana kuliko tuliouota. Tangu hapo ratiba yangu inafuata mwezi: bamvua asubuhi, na maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, jioni.

Pale wanakimbia mita 20 mara 6, wakipumzika sekunde 20 kati ya mbio na mbio. Simtazami wa kwanza kufika. Natazama mbio ya sita ya kila mmoja imeachwa kiasi gani na ya kwanza yake. Za winga wangu sasa zinakaribiana sana, na mabeki hawamshiki tena.

Wale watatu wa magoti, wawili wanaruka. Wa tatu bado anarusha mpira akiwa amesimama, na sitamharakisha.