Ladha ya Kamba Imo Kwenye Maganda

Nyumba nyingi huwaweka kamba kwa ajili ya wageni na sikukuu. Bei yao ni sababu mojawapo, lakini nadhani sababu kubwa zaidi ni imani kwamba kitoweo hiki kinahitaji mpishi hodari na kabati lililojaa viungo. Mimi naamini kinyume chake: kamba ni chakula cha jioni ya siku ya kazi, kwa kuwa huiva kabla wali haujakauka, na sehemu kubwa ya ladha yao imo katika vichwa na maganda ambayo wengi wetu huyatupa.

Hapa Dar es Salaam napenda kuwanunua asubuhi katika soko la samaki la Feri. Kamba wa pwani yetu hutaga mayai baharini, wadogo wao huingia kwenye mikoko, kama ile ya delta ya Rufiji, wakakulia humo, na mvua za masika zinapofurisha mito husukumwa kurudi baharini. Kwa mchuzi wa nyumbani sioni haja ya kulipia kambamiti wakubwa wenye milia. Kamba weupe wa ukubwa wa kati wana utamu wa kutosha. Mtazame kamba kichwani kwanza. Kichwa kikiwa kimeshikana vizuri na mwili, ganda liking'aa na harufu ikiwa ya bahari, huyo anafaa. Kichwa kilicholegea na harufu ya amonia ni dalili za kumwacha. Kichwani ndimo kilimo kiungo cha kusagia chakula cha kamba, na vimeng'enya vyake huanza kulainisha nyama mara tu anapokufa, kwa hiyo ambaye hatapika siku hiyohiyo na atoe vichwa mapema, avigandishe peke yake, na miili aiweke kwenye barafu. Walio mbali na pwani watumie waliogandishwa, mradi wawayeyushe ndani ya friji au katika maji baridi, kamwe si katika maji ya moto.

Nusu kilo ya kamba wazima inatosha watu watatu. Menya maganda, pasua mgongo kwa ncha ya kisu, vuta ule utumbo mweusi, kisha suuza nyama haraka na uikaushe kwa kitambaa safi. Sasa weka sufuria motoni na kijiko kimoja cha mafuta, tia vichwa na maganda, ukavikaange huku ukivibonyeza kwa mwiko mpaka viwe vyekundu na jiko zima linukie. Mimina vikombe 3 vya maji, tia kipande cha tangawizi, acha vichemke taratibu kwa dakika 20 hivi, kisha chuja. Supu hiyo yenye rangi ya machungwa ndiyo msingi wa kila nitakachoeleza hapa, na katika muda huo inapochemka utakuwa umeshaosha mchele na kukatakata vitunguu.

Kwa mchuzi wa nazi, kuna nazi moja kubwa na ukamue tui zito kwa nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Tui la pili usilikamue kwa maji, bali kwa vikombe 2 vya ile supu ikiwa bado ya moto, kwa kuwa kwa njia hiyo machicha hutoa mafuta yake yaliyobaki na mchuzi haupati tone la maji lisilo na ladha. Kaanga kitunguu kimoja, thomu iliyopondwa, nyanya mbili na kijiko kidogo cha manjano mpaka mafuta yaelee juu, mimina tui la pili, weka pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, na uache lipungue kufikia nusu. Tia tui zito kwa moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha, maana likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika. Kamba huingia mwisho kabisa, na ndimu hukamuliwa baada ya sufuria kuepuliwa.

Hapo kwenye kuiva ndipo penye umuhimu mkubwa. Kamba wa kati wanahitaji dakika 2 au 3 tu. Rangi yao ya waridi inatokana na astaksanthini, yaani kemikali ya rangi iliyomo mwilini mwao, ambayo kamba akiwa mbichi huwa imefungwa ndani ya protini. Joto linapoivuruga protini hiyo, rangi hujitokeza. Nyama ikishaacha kupenyeza mwanga na mwili ukajikunja nusu duara, epua bila kusita, kwa sababu joto la mchuzi litaendelea kuwapika. Wakijikunja mpaka mkia uguse upande wa kichwa, wamekwisha kuwa wagumu, na hakuna kiungo kitakachowarudisha.

Jioni yenye haraka zaidi haihitaji nazi. Pasha kikaango sawasawa, tia mafuta, tandaza kamba waliokaushwa bila kuwarundika, kwani wakibanana watatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Wageuze mara moja, watoe, kisha katika kikaango hichohicho weka thomu nyingi na pilipili, uikaange kidogo bila kuiunguza, mimina nusu kikombe cha supu na uiache ikaukie mpaka iwe nzito. Warudishe kamba, wachanganye, nyunyiza chumvi, ndimu na majani ya giligilani. Kwa chapati au mkate wa ajemi sijui kitoweo chepesi kinachoshinda hiki. Wapendao uchachu wa ukwaju wauloweke katika supu hiyo na waitumie badala ya ndimu, wakiongeza sukari kidogo.

Supu ikibaki, igandishe, au ipikie wali siku inayofuata: kaanga kitunguu mpaka kiwe cha dhahabu, tia bizari nzima kidogo na mchele, kisha pima supu pale ambapo ungepima maji, ukipunguza chumvi ikiwa supu ilikolea. Wali huo, hata bila kamba mmoja ndani yake, unatosha kuliwa kwa kachumbari na samaki mdogo wa kukaanga.